Figo la Mulwa, Sindano za Mulwa

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la maabara, nikiwa na karatasi mkononi ambayo sikutaka kuifunua. Nimeifunua. Kipimo cha figo kimepanda karibu mara mbili ya kile cha mwezi uliotangulia. Kwa figo, kupanda kwa kipimo ndiko kuanguka.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, naitwa Aloys Kitheka, fundi wa kutengeneza cherehani hapa Machakos mjini. Figo zangu zote mbili zilikufa. Niliishi kwa mashine ya kusafisha damu mpaka mdogo wangu, Mulwa, alipojitolea kunipa figo lake la kushoto. Tulipasuliwa Nairobi, tukarudi nyumbani wote wawili tukiwa hai.

Tangu hapo nameza vidonge asubuhi na jioni vya kuilaza kinga ya mwili wangu, kwa sababu kinga haijui undugu. Ikiamka na kulikuta figo la Mulwa ndani yangu, italipiga kama inavyopiga kidudu chochote.

Sasa ilikuwa imeamka. Na nilidhani najua kilichoiamsha.

Daktari Waithira aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama. Ndiye anayenifuatilia katika hospitali moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Ni mama wa maneno machache, na siku hiyo yalikuwa machache zaidi.

"Aloys, vidonge unameza?"

"Nameza, daktari."

"Kwa saa zake?"

"Kwa saa zake."

Mke wangu, Wavinya, alikuwa ameketi kando yangu. "Hapo simtetei kwa sababu ni bwana yangu," akasema. "Huyu akichelewa kidogo anaviomba vidonge msamaha."

Daktari hakucheka. "Umetumia kitu kingine? Mizizi? Chai ya kusafisha mwili? Sindano yoyote ambayo si mimi nimekuandikia?"

"Hapana," nikasema.

Wavinya aligeuka akanitazama. Sikumtazama.

"Sawa," daktari akasema. "Mwili wako umeanza kuikataa figo. Nakulaza leo. Nitakuwekea dawa kali kwa mshipa, na tutatoa kipande kidogo cha hiyo figo tukipime. Lakini kama kuna kitu kinaendelea kuichokoza kinga na mimi sikijui, nitakuwa najaza ndoo iliyotoboka."

"Na ikishindikana?"

"Unarudi kwa mashine. Na kwa faili yako sioni ndugu mwingine wa kukupa."

Nilivua shati, nikapewa kitanda karibu na dirisha. Nilikuwa nimemdanganya mtu pekee aliyekuwa akijaribu kuniokoa.

Nieleze kwa nini.

Kabla ya kunipa figo, Mulwa alikuwa mpasua mawe kwenye machimbo ya njia ya Kangundo. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya mtu yeyote ninayemjua. Baada ya upasuaji aliambiwa asiinue vitu vizito kwa muda, na alipojaribu kurudi, msimamizi wake alikuwa ameshampa mwingine nyundo yake. Akakaa kwa mama, akawa mtu wa kuangalia kuku.

Halafu rafiki mmoja akampeleka kwenye mkutano Mlolongo. Akarudi amevaa shati la mikono mirefu, na mkononi ameshika kikasha cha kuhifadhi baridi, kile cha kubebea chanjo za ng'ombe.

"Peptaidi," akaniambia, akinionyesha kichupa kidogo chenye unga mweupe chini yake. "Ni vipande vidogo vya protini. Mwili wenyewe unavitengeneza. Viko kwa ngozi, viko kwa machozi, viko kwa tumbo. Kidudu kikikuja, vinakitoboa ganda lake, kinakufa. Hata chura yuko nazo. Umewahi kujiuliza kwa nini chura anakaa kwa maji machafu na haozi?"

"Sijawahi."

"Sasa jiulize."

Nilijiuliza. Shule niliiachia darasa la nane. Cherehani nilijifunza kwa kuzifungua, na nisichokijua huwa nakisoma mpaka nikijue. Nikakaa na simu jioni kadhaa, nikasoma juu ya vyura, machozi, na ngozi ya binadamu. Nikasoma kwamba wataalamu wa nchi nyingi wanavichunguza vipande hivyo, kwa kuwa vijidudu vimezoea dawa za zamani.

Mulwa hakuwa amesema uongo. Hilo ndilo lililonipoteza. Nilipoona mambo hayo ni ya kweli, niliacha kusoma. Sikutafuta yanafanya nini kwa mtu kama mimi, mwenye kiungo cha mtu mwingine tumboni.

Swali hilo nilimuuliza Mulwa peke yake.

"Vidonge vyangu vinalaza kinga," nikamwambia. "Hizi zinaiamsha. Hazitapigana?"

"Zile za hospitali zinalaza kinga yote. Hizi zinaamsha ile ya vidudu tu. Haziingiliani."

"Nani amesema?"

"Walitufundisha." Alikuwa tayari ameshika sindano, ndogo kama zile za wagonjwa wa sukari. "Mwanaa-mwaitu, nimekupa figo. Sasa nakupa walinzi wake. Utakataa?"

Mwanaa-mwaitu ni mtoto wa mama yetu. Mulwa huniita hivyo akitaka kitu.

Na kulikuwa na jambo la mama. Siku niliyotoka hospitalini alipika isyo, mahindi na maharage ya nyumbani, akatuketisha mimi na Mulwa kwenye sahani moja mbele ya majirani. Akasema, kuanzia siku hiyo, hakuna kati yetu atakayekataa kitu kinachotoka mkononi mwa mwenzake. Watu wakapiga makofi. Mimi nililia.

Kwa hiyo nilifunua tumbo. Na kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kwa Mulwa, akafungua friji, nikafunua tumbo tena.

Ningemwambia daktari nini? Kwamba aliyenipa figo ndiye anayeliua?

Jioni hiyo Wavinya alisubiri muuguzi apite na toroli lake, ndipo akaanza.

"Kwa nini umemdanganya daktari?"

"Bado sijui kama ni sindano."

"Ni nini basi? Mboga zangu?"

"Cherehani ikiruka mshono, sisemi ni uzi kabla sijaangalia mkanda."

"Wewe si cherehani. Hiyo ukikosea unaenda kununua vipuri."

"Nikimtaja, watamshika. Anauza dawa bila karatasi."

"Usipomtaja, nusu ya Mulwa itazikwa pamoja na wewe, yeye akiangalia."

Wavinya ni mtu wa Masii, na watu wa kwao wakishaanza kusema hawasimami mpaka waone umeelewa.

"Upole wako umezidi, Aloys. Watu wanausifu kanisani, lakini mimi ndio nakaa nao."

"Nipe mpaka kesho. Atakuja kuniona. Acha alisikie kwangu, asilisikie kwa polisi."

"Kesho," akasema. "Halafu mimi sitakuuliza tena, nitaongea."

Asubuhi, aliyetangulia kufika hakuwa Mulwa. Alikuwa Mzee Kiama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye aliongoza harambee ya kuchangia upasuaji wangu. Tangu siku ile ya harambee, kila aliyechanga ana neno juu ya afya yangu. Nikinywa soda mjini, kuna mtu ataniuliza kama figo inaruhusu.

"Fundi," akasema, akivuta kiti. "Figo yetu inaendeleaje?"

"Imeshtuka kidogo, mzee."

"Itatulia. Tuliinunua kwa maombi." Akaniinamia, akapunguza sauti. "Hata mimi nimeanza zile sindano zako. Goti langu limenyamaza kabisa."

"Sindano zangu?"

"Zile za video."

Wavinya akaweka chini kikombe cha uji.

"Video gani, Mzee Kiama?" akauliza.

"Kwani hamjaiona? Iko kwa kila kundi la WhatsApp huko Kathiani. Hata mashemeji wangu wa Yatta wameniletea." Akatoa simu, akaitafuta, akanipa.

Nilijiona nimeketi kwenye kibanda changu, mguu juu ya kikanyagio cha cherehani, nikitabasamu kama mjinga. Niliikumbuka siku hiyo. Mulwa alisema shangazi yetu anataka kuniona kama nimenenepa.

"Huyu ni ndugu yangu mkubwa," sauti ya Mulwa ilikuwa ikisema. "Yuko na figo yangu ndani. Anatumia peptaidi kila wiki, na mnaona vile anang'aa. Aloys, ziko sawa ama haziko sawa?"

"Nimesoma mwenyewe," nikajisikia nikijibu. "Ni kitu cha kweli."

Hapo picha ikakatika, na chini yake ikaja namba ya simu ya Mulwa.

"Wewe ni mtu wa kusoma," Mzee Kiama akasema, akichukua simu yake. "Wengi wetu tuliposikia wewe umesoma, tukaona basi. Nani ataenda kusoma tena?"

Akaniombea, akaondoka, akitembea vizuri kweli kwa goti lake. Nilimtazama mpaka alipofika mwisho wa wodi. Sikuweza kumwambia kitu. Sikujua nianzie wapi.

"Umeingia kwa biashara na hujui," Wavinya akasema.

"Nimeona."

"Bado unamsubiri umwambie kwa upole?"

"Namsubiri."

Mulwa alikuja saa ya kuona wagonjwa, na kile kikasha chake mkononi. Alikuwa na mzaha kama kawaida yake.

"Wanakulisha ama wanakuangalia tu? Shemeji, huyu mtu amebaki masikio."

Mulwa akavuta pazia la kitanda, akaketi pembeni ya godoro, akafungua kikasha.

"Jumapili hukuja. Nikasema, kama mgonjwa haendi kwa dawa, dawa itaenda kwa mgonjwa. Funua tumbo haraka kabla sista hajarudi."

"Mulwa, figo inakataa."

Alikuwa ameshika kichupa kwa vidole viwili. Akakiteremsha polepole juu ya shuka.

"Yangu?"

"Yako."

Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ubavu wake wa kushoto, chini ya shati.

"Daktari amesema ni kwa sababu gani?"

"Hajui. Mimi nadhani ni sindano."

"Unadhani ama unajua?"

"Nadhani."

"Basi usiseme kitu unadhani. Mtu anaweza kufungwa kwa kitu unadhani."

"Mimi naweza kufa kwacho," nikasema. "Mulwa, nimeiona video."

Akatazama pazia. "Nilitaka kukuambia."

"Uliniambia ni ya shangazi."

"Hata shangazi alitumiwa."

Wavinya alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha yoyote.

"Sikuwa na kazi, Aloys," Mulwa akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Nimekaa kwa mama nahesabu kuku. Watu wakinipita wanasema, huyo ndiye alitoa figo, wanaenda zao. Halafu nikapata kitu kinasaidia watu, na wewe mwenyewe ukasema ni cha kweli. Wewe ndio ulisema. Mimi sijui kusoma hayo mambo. Nilisema kama Aloys ameona hakuna shida, hakuna shida."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Kwa muda wote nilikuwa nimeliegemea neno lake, na yeye alikuwa ameliegemea langu. Hakuna kati yetu aliyekuwa amesimama kwa miguu yake.

Sikutaka kumhukumu. Lakini kulikuwa na swali moja ambalo lisingeweza kungoja.

"Kati ya walionunua kwako," nikasema, "kuna mwingine mwenye kiungo cha kupewa? Figo, ini, chochote?"

Akapangusa ukingo wa kikasha chake kwa kidole.

"Shemeji, umeulizwa," Wavinya akasema.

"Kuna mmoja."

"Nani?"

"Safiya. Msichana wa Abdulatif."

Abdulatif ana duka la sare za shule na vitambaa karibu na msikiti, na cherehani zake zote nazitengeneza mimi. Binti yake, Safiya, anasomea ualimu. Figo lake alipewa na huyo huyo baba yake, muda si mrefu baada ya mimi kupewa langu. Tulikuwa tukikutana kliniki. Ndiye aliyenifundisha kuweka kengele ya vidonge kwenye simu.

"Ulimuuzia Safiya?"

"Sikumtafuta. Babake alinipigia baada ya kuona video. Aliuliza kama ni kweli wewe unatumia. Nikasema ni kweli. Ilikuwa kweli."

"Lini?"

"Kitambo kidogo."

Pazia likavutwa. Alikuwa Daktari Waithira, na faili yangu kifuani. Alimwona Mulwa, akaona kikasha, akaona kichupa juu ya shuka, karibu na goti langu.

Mulwa aliunyosha mkono kukichukua kile kichupa. Nilikiwahi.

"Daktari," nikasema, "jana nilikuongopea. Nimekuwa nikidungwa hii kila Jumapili."

Nikampa.

Mulwa alinitazama kama mtu aliyepigwa na mkono anaoujua. Nilitamani nisiyaone macho yake, lakini niliyaona.

Daktari alikigeuza kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Nani anakutengenezea?"

"Sijui."

"Hata hapa hawajaandika. Ila huku chini, kwa maandishi madogo, wameandika kwamba si ya kutumiwa kwa binadamu." Akamgeukia Mulwa. "Wewe ndiye unauza?"

"Hiyo walituambia ni ya kukwepa ushuru," Mulwa akasema. "Kwamba wakiandika ni dawa, bandarini watailipia kama dawa."

"Na ukaamini."

"Kwani wewe ukiambiwa kitu na mtu amevaa tai, hauamini?"

Daktari hakukasirika. Aliketi kwenye kiti alichokuwa amekikalia Mzee Kiama, akazungumza nami kana kwamba tulikuwa wawili tu.

"Peptaidi zipo, Aloys. Hapo hukudanganywa. Hata sasa ngozi yako inazitengeneza. Pengine siku moja zitakuwa dawa nzuri za vidudu vilivyotushinda. Lakini wanaozichunguza bado wanauliza maswali, na kwa mtu aliye na figo ya mwenzake, sijaona jibu lolote la kunituliza. Tena hatujui kama kilicho kwenye hii chupa ni hicho kilichoandikwa. Siwezi kukuapia kwamba ndicho kimeiamsha kinga yako. Naweza kukuapia hutakigusa tena."

"Sitakigusa."

"Figo inaweza kurudi?" Wavinya akauliza.

"Tumeiwahi mapema. Na vidonge hakuacha. Hilo ndilo linanipa moyo. Angekuwa ameviacha, tusingekuwa tunaongea hivi."

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu ile karatasi. Kisha nikakumbuka kwamba si mimi peke yangu.

"Daktari, kuna mwingine. Safiya wa Abdulatif."

Uso wake ulibadilika. Aliifunga faili yangu.

"Anatumia hii?"

Mulwa aliitikia kwa kichwa.

"Safiya amekosa kliniki. Nimempigia babake mara nyingi, hapokei. Nilifikiri wamehamia kwa daktari mwingine."

"Yangu atapokea," nikasema.

Wavinya akanipa simu. Nilibonyeza sauti kubwa ili wote wasikie. Abdulatif alipokea haraka. Yeye ni mtu wa Machakos, kazaliwa hapa, lakini babu yake alitoka pwani na lugha ya nyumbani mwao bado ni ile.

"Fundi Aloys, assalaam aleikum. Wewe kumbe wakumbuka watu?"

"Aleikum salaam, mzee Abdulatif. Niko hospitali, nimelazwa."

"Aa, pole sana. Wasumbuliwa na nini?"

"Figo. Mzee, Safiya yuko aje?"

"Alhamdulillahi. Yuko hapa ndani, amelala. Ana homa kidogo na miguu imemvimba, lakini tuliambiwa tusiwe na wasiwasi. Ile ni sumu ya vidonge yamtoka."

Daktari Waithira alisimama.

"Vidonge gani, mzee?" nikauliza, ingawa tayari nilijua.

"Vya hospitali. Si tumeviacha? Kama wewe ulivyoviacha."

Sikuwahi kuviacha. Wavinya anajua, daktari anajua, na kengele ya simu ile ile niliyoishika inajua.

"Mzee Abdulatif, mimi sijaacha. Nimemeza leo asubuhi. Nani alikwambia nimeacha?"

"Nduguyo. Alisema hujatia kidonge mdomoni tangu mfungo, na figo lapiga kazi kuliko awali. Asingesema hivyo, mimi ningemwachisha mwanangu dawa?"

Nilimtazama Mulwa. Alikuwa akiangalia miguu ya kitanda.

"Alikosea," nikasema. "Nisikilize. Mlete Safiya hapa sasa hivi. Usingoje homa ishuke. Daktari Waithira yuko nami, anatusikia."

Alipojibu, sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa na adabu, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

"Fundi, mimi nakuheshimu. Lakini hili pia tuliambiwa. Nduguyo alisema siku yaja hospitali itawatumia watu waturudishe kwenye vidonge, kwa sababu wataka wateja wao. Akasema hata akiwa ni Aloys, atakuwa ametishwa. Wewe umelazwa hapo, daktari amekusimamia. Nitajuaje kama wasema kwa hiari yako?"

"Mzee, huyo mtoto ana figo lako."

"Ndiyo maana sitaki mchezo nalo."

Daktari Waithira aliunyosha mkono achukue simu. Nilitikisa kichwa. Asingemsikiliza yeye wala mimi.

"Unataka kumsikia nani?" nikamuuliza Abdulatif.

"Mulwa. Yeye ndiye aliyetupa. Akisema kwa mdomo wake kwamba turudi, nambeba mwanangu saa hii hii."

"Yuko hapa."

"Basi mpe."

Nikamnyoshea Mulwa simu.

Hakuichukua. Alimtazama daktari aliyekuwa na kichupa chake mkononi, kisha askari wa hospitali aliyekuwa amesimama mwisho wa wodi, akipiga soga na mfagiaji. Nilimwona akihesabu. Neno moja kwenye simu ile, mbele ya watu wale, na lisingerudi mdomoni.

"Mulwa," nikasema. "Mwambie tu ulikosea. Mengine tutayabeba wawili."

Akakifunika kikasha chake taratibu, akakitia kwapani, akainuka.

"Mulwa."

Alipita kati ya daktari na ukuta bila kumgusa. Wavinya alikuwa amemtangulia. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya wodi, mikono imelegea kando, hata hakuinua sauti.

"Shemeji," akasema, "utanisukuma?"

Mulwa alisimama mbele yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kula.

"Halo?" simu ikasema mkononi mwangu. "Mulwa? Safiya aniita hapa, yuasema haoni vizuri. Uko hapo? Niambie basi, nifanye nini?"